Masika Wawili mu Depo Moja

Nilijua kama ninaolewa tena saa nilikuwa ninachambua maharagi nyuma ya nyumba. Telefone ililia mu mufuko, na mbele nipate miwani, mama jirani alikuwa ameshasimama pa ukuta wa lupango akipiga kelele.

"Masika! Weye! Kwa ile umri? Na ule kijana mwenye meno mazuri?"

"Mama, sema pole pole. Kijana gani?"

"Gaël! Mutaa wote wa Bigo umepata mesaji. Sikia: 'Masika Adèle, mujane wa Jean-Pierre, mama ya watoto saba, na Gaël, wanataka kufunga ndoa takatifu. Mwenye kujua kizuizi aseme.' Miye sina kizuizi, eh. Nauliza tu, utamupikia nini?"

Ile mesaji haikuandikwa na adui. Iliandikwa na mutumishi asiye na mukono wala kichwa, na ule mutumishi alizaliwa mu salon yangu, mule tunapokea wageni, pa meza yangu, na moto wa umeme wa pano yangu ya jua, ile ya juu ya bati. Baba yake ni mujukuu wangu Ephraïm.

Ephraïm alirudi toka masomo Kisangani na ordinateri mbili, zile kompyuta, na rafiki moja, Lambert. Ordinateri zilikuwa zinakula moto tu. Lambert alikuwa anakula yote. Wakakamata salon yangu, wakatandika kamba toka dirisha mpaka kabati, na mutu akitaka kupita aende kusali mu chumba chake alipashwa kuinua mguu kama kuku mu matope.

Kazi walipewa na Abbé Camille, padri wetu. Parokia ilikuwa na programu tatu, kila moja na mutu wake na mashini yake. Moja ya kwaya. Moja ya ndoa na batizo. Ya tatu ya matanga, ile ya kusaidiana: mutu akifa, wote wanapashwa habari, na kila mutu anakuja na kiti yake, kuni na unga. Zilifanya kazi vizuri, na hiyo ndiyo ilimusumbua Abbé Camille. Alisikia kama parokia zingine bado ziko na karatasi, akaona ni wakati wa kuwapita mara mbili.

"Koko," Ephraïm aliniambia, "tunaweka zote tatu mu depo moja."

"Depo ya wapi?"

"Hapa." Akagonga ordinateri na kidole.

Nilicheka. Bwana yangu Jean-Pierre, Mungu amupumzishe, alitoka Butembo akafungua depo ya kweli hapa Bunia, karibu na soko: sima ya kujengea, sukari, sabuni, unga, mpaka juu ya bati. Depo ninaijua.

"Jean-Pierre hakuweka sabuni pembeni ya unga," nikamwambia. "Unajua sababu?"

"Koko, hii si unga."

"Mwanzo aliweka. Watu walikula bugali yenye harufu ya sabuni, wakafikiri ni dini mupya."

Lambert akainua kidole. Ule kijana akitaka kusema kitu anainua kidole kwanza, hata kama hakuna anayemunyima ruhusa. "Koko, mu depo yetu kila programu iko na rafu yake. Ila majina ya watu, hayo tunaweka pamoja. Baze moja. Mutu anaandikwa mara moja tu, na kwaya, ndoa, matanga, wote wanachota pale pale."

"Kama kisima."

"Voilà! Kisima!" Alifurahi kama yeye ndiye alikichimba.

"Na mbuzi akianguka ndani?"

Wakacheka wote wawili, wakanipa kikombe nikaongeze chai.

Niliporudi walikuwa wanazungumuza juu ya kazi za nyuma. Nikatega sikio, kwa maana ile ni fasi yangu. "Kazi za nyuma ni gani?"

"Ni kazi ambazo hakuna mutu anaziona," Ephraïm akasema. "Weye uko mbele unafanya yako, zenyewe zinaendelea nyuma, usiku na muchana. Hazichoki, hazilalamiki, hakuna anayezishukuru."

"Aa. Ile ninaijua. Sukari ngapi?"

"Mbili," Lambert akasema, bila kuinua macho.

Basi wakatengeneza watumishi wawili wa nyuma. Wa kwanza wakamwita Mupiga-kengele: kila kitu ikibadilika mu baze, anatuma mesaji mu telefone za Wakristo wote. Wa pili wakamwita Mufagiaji. Yeye anazunguka mu baze saa yote, akikuta jina moja imeandikwa mara mbili, anakamata wale wawili anawafanya mutu moja.

"Doublon," Lambert akanielezea. "Ni uchafu."

Sasa, hapa niseme jambo juu ya majina. Kwetu Wanande, binti wa kwanza mu nyumba ni Masika. Hakuna anayechagua. Ukizaliwa binti wa kwanza uko Masika, na mama akilia au asilie. Miye ni Masika. Mutoto wa kwanza wa mwana wangu alikuwa binti, naye ni Masika; na kwa sababu miye ndiye nilimupokea mu mikono, wakamuongezea na jina yangu ya batizo, Adèle. Iko ndoyi yangu, mwenye jina moja na miye. Miye ninamwita Ndoyi, yeye ananiita Ndoyi, na hakuna mutu mu hii nyumba aliyewahi kutuchanganya, hata mu giza, maana moja wetu iko na meno yote.

Ephraïm ni ndugu yake, anamufuata. Tangu aanze kukaa mwenyewe bila kuanguka, anakula pa meza moja katikati ya Masika Adèle na Masika Adèle. Na kichwa ile ile, iliyokula pale, ndiyo iliketi ikaamua kama watu wawili hawawezi kuwa na jina moja. Masomo ni kitu kikubwa.

Ndoyi ndiye alikuwa anaolewa na Gaël. Gaël ni muforomo, anatunza wagonjwa, amepata kazi Mambasa, alipashwa kuondoka na bibi yake mara moja kiisha ndoa. Ndoa iliwekwa siku ya posho, Jumamosi ya mwisho mbele ya Kwaresima. Na mu parokia yetu mu Kwaresima hakuna ndoa. Tangazo ya kwanza na ya pili Abbé Camille alikuwa ameshasoma kwa mudomo wake, juu ya karatasi, bila shida. Ilibaki ya tatu, siku ya yenga, Jumapili mbele ya ile posho. Ikipita, Ndoyi anaenda. Ikikwama, ni kungoja Pasaka. Na mbele ya Pasaka Gaël atakuwa ameshafika Mambasa peke yake.

Peke yake, hapana. Gaël alilelewa na shangazi yake Scholastique, mu mutaa wa Shari. Alimubeba mugongoni wakikimbia vita ya Djugu, na mutu aliyekubeba vile iko na haki ya kukuuliza unaoa nani. Scholastique alikuwa amemuchagulia Chancelle, binti wa rafiki yake, mwimbaji wa kwaya. Si kwamba Ndoyi alikuwa mubaya. Scholastique alikuwa kama mutu aliyechagua pazia ku soko, halafu anafika nyumbani anakuta wamefunga ingine. Inafunika dirisha vilevile, lakini haimutoki mu roho.

Na Gaël iko na adabu. Siku ya kwanza alipofika kwangu hakuanza na Ndoyi, alipita moja kwa moja mpaka pa kiti yangu, akainama: "Bibi yangu mukubwa, nimefika." Hiyo ndiyo desturi. Mutu anayetaka mujukuu anaanza na koko. Koko ndiye bibi wa kwanza, muke mukubwa, mujukuu ni wa pili. Nikamujibu: "Umechelewa, bwana wangu. Sabuni iko wapi?" Kumbe alikuwa ameileta mu mufuko. Pale pale nikajua ataingia mu hii nyumba.

Ndio hivi mambo yalikuwa saa Mufagiaji alitukuta wawili, akatufanya moja, na Mupiga-kengele akafungua kinywa, siku ya ine ya juma.

Scholastique alifika mbele maharagi yachemke. Alishuka ku moto, ile pikipiki, na hasira hata alisahau kutosha kofia ya chuma kichwani.

"Mama Masika, siye tulikuja hapa kuomba binti. Hatukuja kuomba mujane."

"Karibu, mama. Kaa kwanza."

"Sikai. Watoto saba! Mulituficha watoto saba!"

"Mama Scholastique, wa kwanza wa hao saba iko na mvi. Ningemuficha wapi?"

"Sistemu imesema."

"Hao saba ni wangu miye. Ndoyi iko pale anaosha sahani. Mwangalie."

"Siangalii mutu. Ninaangalia telefone." Akaniwekea ile telefone pa macho, karibu sana, nikaona tu mwangaza. "Mutu anaweza kudanganya kwa ajili ya familia yake. Mashini haina familia."

"Iko nayo," nikasema. "Baba yake amelala pale mu salon."

Lakini alikuwa ameshapanda moto, anaenda kwa Abbé Camille kuweka kizuizi.

Kesho yake, siku ya tano, nikaenda mwenyewe pa parokia. Abbé Camille alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaweka tablette yake mupya katikati yetu kama mutoto mugonjwa.

"Mama, miye ninakujua. Ninajua Ndoyi. Miye mwenyewe nilimubatiza."

"Basi soma tangazo."

"Nitasoma ile iko humu ndani."

"Humu ndani iko miye."

"Ndiyo shida." Akajipanguza uso. "Mama, nilisema pa altare: karatasi imekwisha. Siku ya yenga mapadri wa parokia zingine wanakuja kuangalia namna sistemu inafanya kazi. Nikisoma kitu ingine kuliko ile iko hapa, watasema nini?"

"Watasema unajua Wakristo wako."

Padri akaigusa tablette, ikawaka, akaitazama kama mutu anatazama mukwe. "Ephraïm atengeneze baze. Ikisafika mbele ya yenga, kizuizi cha Scholastique kinakufa. Isiposafika, tungoje Pasaka. Pasaka haiko mbali."

"Mambasa ndiyo iko mbali, padri. Na Chancelle iko na miguu."

Nikarudi nyumbani. Ephraïm alikuwa ameketi pa mashini, Lambert nyuma yake na kikombe, Ndoyi nyuma yao wote na kitambaa cha kupanguza sahani mu mukono.

"Rahisi," Ephraïm akasema. "Ninawatenganisha."

Akatutenganisha. Niliona na macho yangu: Masika Adèle moja juu, Masika Adèle mwingine chini. Tulipendeza. Telefone zikalia mu Bigo yote: *Rekebisho. Masika Adèle ni wawili.* Halafu Mufagiaji akapita na fagio lake. Telefone zikalia tena: *Rekebisho. Masika Adèle ni moja.*

Ephraïm akatutenganisha. Mufagiaji akatukusanya. Juu ya ukuta mama jirani akauliza: "Masika, sasa muko wangapi? Nijue namna ya kusalimia."

"Zima ule Mufagiaji," nikamwambia Ephraïm.

"Siwezi, koko. Niliwafunga kamba moja na Mupiga-kengele. Nikizima moja, wote wanalala. Na leo kuna mazishi Shari, watu wanangoja kuambiwa saa."

"Nilikuambia tuwafunge mbali mbali," Lambert akasema.

"Uliniambia wakati gani?"

"Mu roho yangu."

Lambert akainua kidole, akaleta shauri: tutofautishwe na mwaka wa kuzaliwa. Ya Ndoyi iko wazi. Yangu miye, pa kitambulisho waliandika "karibu na", halafu mwaka. Baze ikakataa "karibu na". Baze haijui karibu. Inajua ndiyo na inajua hapana. Ikatosha ile yote, ikaweka zero. Ndipo nikajua kama nilizaliwa mwaka moja na Bwana Yesu. Mufagiaji naye akakuta Masika mwenye mwaka na Masika asiye na mwaka, akasikia huruma, akamukopesha huyu mwaka wa ule, akatukusanya tena kwa upendo.

Ndoyi hakucheka. Akasogea karibu. "Miye niko wapi mu hii mashini?"

Ephraïm akatafuta. Akafungua hii, akafunga ile. "Uko..." akasema. "Uko ndani ya koko."

"Ninaolewa namna gani nikiwa ndani ya koko?"

Akaweka kitambaa pa meza, juu ya kamba zao, akatoka. Halafu nikamusikia nyuma anatwanga sombe, majani ya muhogo. Sombe ilikuwa imeshapondwa asubuhi. Nikamuacha aitwange. Lakini kwa mara ya kwanza tangu siku ya ine sikuona kitu cha kucheka.

Kesho yake, siku ya posho, Ephraïm aliamka na akili mupya. Akili mupya za Ephraïm zinanifanya nitafute kiti. "Ninafuta Masika Adèle wote, koko. Ninaacha hewa tupu. Halafu ninaandika Ndoyi wa kwanza, safi, na weye kiisha."

Akanifuta.

Sasa, kumbuka matanga na ndoa wanachota mu kisima kimoja. Mu programu ya matanga, mutu anayetoka mu baze anatoka kwa njia moja tu. Mupiga-kengele hakuuliza mutu. Akatuma Bigo yote, Shari yote, mpaka kwa watu wangu Butembo: *Masika Adèle ametutoka. Njoo na kiti yako, kuni na unga.*

Nilikuwa ninamenya karanga pa baraza saa kilio kilianza ku njia. Nikafikiri, maskini, nani tena? Nikafunga kitambaa kichwani niwafuate. Mulango ukafunguka, wakaingia wamama wa matanga mbele, viti ku kichwa, machozi ku shavu, na wa kwanza akaniona.

"Yesu! Marehemu anamenya karanga!"

"Karibuni," nikasema. "Kuni muweke kule nyuma."

Hakuna hata moja aliyerudi nyumbani. Mutu hawezi kubeba kiti toka Shari mpaka Bigo akarudi bila kula. Wakaketi. Wengine walisema waimbe kidogo tu, kwa sababu walikuwa wamejitayarisha, na nikawaacha waimbe. Waliniimbia vizuri, nikajua nani alinipenda na nani alikuja kwa bugali. Mama jirani alilia kweli kweli, halafu akaniuliza kama ninamuachia ile sufuria kubwa.

Scholastique naye akafika. Na kiti. Macho mekundu, bila kofia ya moto leo. Aliponiona aliweka kiti yake karibu na yangu akaketi kwa nguvu.

"Nililia njia yote," akasema. "Nilisema, nimetukana mama wa watu, amekufa na maneno yangu mu tumbo."

"Pole, mama. Kamata karanga."

Akakamata. Tukamenya pamoja, wale wakiimba.

"Basi tosha kizuizi," nikamwambia pole pole.

Akageuza kichwa. "Eh, mama. Umefufuka. Kizuizi naye amefufuka."

Na miye nikacheka, kwa maana lilikuwa jibu zuri, hata kama lilinichoma.

Mu salon, Lambert alinirudisha mu uhai akitafuna mukate. Walikuwa wamechunga nakala ya baze nzima kama ilivyokuwa siku ya ine, mbele ya kufuta, wakairudisha yote. Kwa hiyo nilifufuka vile nilivyokufa: mujane wa Jean-Pierre, mama ya watoto saba, muchumba wa Gaël. Ephraïm alikuja kuniambia uso ukiwa chini. "Koko, mbele ya kesho siwezi. Umwambie Ndoyi."

"Weye ndiye utamwambia. Iko nyuma."

Alienda. Sikusikia alichosema. Nilisikia tu kinu kimesimama, na Ndoyi hakutoka kule mpaka watu walikwisha kuondoka na viti yao.

Siku ya yenga kanisa ilijaa mpaka inje. Bigo haijawahi kumupenda Mungu namna ile. Mapadri wageni walikuwa mbele, na moja wao, muzee mwenye miwani minene, alikuwa amechukua kalamu aandike mambo ya sistemu. Ndoyi aliketi karibu na miye. Alivaa kikwembe kile alichovaa pa tangazo ya kwanza, akashika mukono wangu kwa nguvu hata pete ya Jean-Pierre iliniuma. Gaël alikuwa upande wa wanaume. Scholastique pembeni yake. Chancelle mu kwaya, amefunga kitambaa kichwani kama mutu anayengoja kuitwa.

Abbé Camille akapanda na tablette. Jasho lilikuwa limeshamutoka. Akasoma haraka haraka, kama mutu anameza dawa:

"Tangazo ya tatu. Masika Adèle, mujane wa marehemu Jean-Pierre, mama ya watoto saba, na Gaël. Mwenye kujua kizuizi, aseme sasa."

Scholastique alisimama. Lakini miye nilikuwa nimeshasimama.

Sikukusudia. Nilikuwa nimejiambia nitaketi, nivumilie, ningoje Pasaka kama nilivyongoja mambo mengi. Ila padri aliita jina yangu, na mutu akiitwa jina yake kanisani, magoti yanajua.

"Padri, ule mujane ni miye. Niko hapa. Ninakubali."

Kanisa ikalipuka. Kutoka upande wa wanaume Gaël akapaza sauti, ule mutoto, Mungu amubariki: "Bibi yangu mukubwa!"

"Tulia, bwana wangu. Ile sabuni imekwisha."

Hata wanakwaya walishika mbavu. Scholastique aliinua mukono mpaka kelele ikapungua. "Padri, kizuizi! Huyu ni mujane! Iko na watoto saba!"

"Padri," nikasema, "mujane anakatazwa kuolewa?"

Abbé Camille akaangalia tablette. Tablette haikumusaidia. Akaangalia mapadri wageni. "Hapana," akasema. "Mujane iko huru."

"Na watoto, wale wenye mvi, wanamukataza?"

"Hapana."

Nikageukia Scholastique. Sikumucheka, alikuwa amenililia jana. "Mama, uko na ingine?"

Akafungua kinywa. Nikaona neno limefika pa meno: *lakini si weye ndiye muchumba!* Akalishika pale. Kama si miye, basi mashini imedanganya. Na kama mashini imedanganya, kizuizi chake chote kilitoka mu mashini. Scholastique si mujinga. Akatazama Gaël, na Gaël hakuwa anacheka tena. Alikuwa anamutazama yeye, vile mutoto anatazama mugongo uliomubeba. Akavuta kikwembe chake, akaketi.

"Sina," akasema.

"Hakuna kizuizi," Abbé Camille akasema mara moja, mbele mutu abadilishe roho. "Masika Adèle na Gaël, tangazo ya tatu imepita."

"Asante, padri," nikasema. "Na kwa sababu miye magoti yananiuma, siku ya ndoa nitatuma ndoyi yangu. Jina ni ile ile. Simama, Ndoyi, wakuone."

Akasimama. Alikuwa analia na anacheka, na meno yake yote ilionekana. Muzee mwenye miwani minene alitosha miwani, akapanguza macho, kalamu ikaanguka chini.

Walioana ile siku ya posho iliyowekwa. Scholastique alicheza mbele ya wote, na aliponipita alininong'oneza: "Mama, weye ni mubaya." Nikamwambia haki yake iko pa sahani, nimemuchagulia mapaja ya kuku.

Unafikiri Ephraïm aliadhibiwa? Mapadri wageni walisema hawajaona sistemu yenye uhai namna hii. Kwao Wakristo wanalala saa ya matangazo. Wakamwomba yeye na Lambert wawawekee na wao. Depo imeongezeka, baze ni ile ile moja, Mufagiaji sasa iko na parokia nyingi za kufagia, na Masika wote wa Bunia wanatembea wakishika roho. Abbé Camille amerudisha karatasi kidogo, anaificha chini ya tablette anaposoma. Ninamuona. Ananiona ninamuona.

Na Ndoyi iko Mambasa, lakini mu baze bado iko ndani ya koko, na telefone iliyoandikwa ni yangu. Basi kwaya inanikaripia kama sikuja kufanya mazoezi ya soprano, fasi ya Ndoyi. Nimezoea.

Juzi nilikuwa tena nyuma, ninachambua maharagi. Telefone ikalia. Nilikuwa bado ninatafuta miwani, mama jirani tayari pa ukuta.

"Masika! Weye! Kwa ile umri?"

"Nini tena?"

"'Masika Adèle, hongera. Baraka ya wamama wenye mimba ni siku ya yenga, kiisha misa ya kwanza.' Mama! Na tumbo iko wapi?"

Nikaketi. Gaël alikuwa ameomba parokia imuwekee bibi yake mu sala, na Mupiga-kengele, ule asiye na kichwa, akaniletea miye habari mbele hata mama mwenyewe wa Ndoyi ajue. Nilicheka, halafu nikapanguza macho na kona ya kikwembe, halafu nikamutumia Gaël mesaji. Kwao Gaël hawana desturi ya Masika. Wanachagua jina wanayotaka. Nikamuuliza: bwana wangu, ikiwa binti, utachagua nini?

Akajibu mara moja: *Bibi mukubwa, ni swali? Masika Adèle.*

Nikaenda na telefone mpaka mu salon. Nikainua mguu juu ya kamba ya kwanza, nikainua mguu juu ya kamba ya pili, nikamuwekea Ephraïm ile mesaji mbele ya macho. Akasoma. Akasoma tena. Lambert akaacha kutafuna.

"Koko," Ephraïm akasema, "watatu?"

"Watatu."

Akashika kichwa na mikono yote miwili. Lambert akaninyooshea kikombe.

"Chai iko nyuma," nikamwambia. "Unajua njia."